Karatasi Niliyoishonea Ngozini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka sijui nicheke au nijifunike uso kwa shuka. Nilisimama katikati ya uwanja wa tenisi, jasho lanichuruzika, watu wa Barani wako upande huu na watu wa Vitengeni upande ule, na mimi naapa kwa Mungu kwamba kitu nilichofunga mkononi si hirizi. Naapa, na huku moyoni sina hakika. Umewahi kuapia jambo ambalo wewe mwenyewe hujui kama ni kweli? Mimi nimewahi, na nakuombea yasikufike.

Kaa vizuri nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati utatoka hapa huelewi kitu, kama nilivyokuwa mimi siku ile.

Ilikuwa miaka ya themanini. Wageni walikuwa wamejaa Malindi, Wajerumani na Wataliani, na hoteli zilikuwa zikichomoza ufukweni moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa kijana wa Barani, mtaa wa pale pale mjini, nimeoa karibuni, na mke wangu Rehema alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Nilikuwa kibarua katika hoteli moja, kazi yangu uwanja wa tenisi. Usidhani ilikuwa kazi ya kutembea kifua mbele. Asubuhi nilifagia, nikanyunyizia udongo maji usitimue vumbi, nikapiga mistari ya chokaa, nikafunga wavu. Mgeni akija hana mwenzake, naitwa nishike raketi nimrudishie mipira. Ndivyo nilivyojifunza tenisi, kwa kuwarudishia mipira watu waliokuja kupumzika.

Tulikuwa wawili katika kazi hiyo. Mwenzangu aliitwa Kazungu, Mgiriama wa Vitengeni, kijana mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulikula sahani moja na tuliazimana mpaka viatu, ingawa vyake vilinipwaya. Aliyetusimamia ni Mwalimu Ouma, mtu wa bara, ambaye ndiye aliyewafundisha wageni kucheza. Alikuwa mkali lakini mtu wa haki, na hilo ulishike kwa sababu tutamhitaji mbele.

Sasa, mimi mkono nilikuwa nao. Sijisifu, Mwalimu Ouma mwenyewe alisema. Tabu yangu ilikuwa kichwa. Mpira unakuja, macho yangu yamemfuata mtu anayepita na sinia la soda. Nikikosa mpira mmoja, naufikiria huo huo mpaka wa pili na wa tatu inanipita. Mtu akicheka nje ya uzio, basi kwangu mimi ananicheka mimi, hata kama mwenzake kamsimulia habari za mbuzi wake. Kazungu hakuwa na mkono kama wangu, lakini alinifunga mara nyingi, na kila aliponifunga nilibaki nikijiuliza imekuwaje.

Hapo akaja mgeni mmoja, mzee wa Kijerumani mwenye mvi tupu, aliyecheza kila asubuhi kabla ya chai. Alikuwa na jambo lake la ajabu. Kila tulipopumzika ili kubadilishana upande, alitoa kadi mfukoni mwa shati, akaisoma taratibu midomo ikimcheza, akairudisha. Kila mara, mwanangu, hata tukicheza muda mrefu. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, kwa kile Kiingereza changu cha kuokoteza na Kiswahili chake cha mezani, anasoma nini. Akaniambia kwamba asubuhi akiamka anajua vizuri anachotaka kufanya uwanjani, lakini mpira ukianza kuruka anasahau kila kitu, basi hujiandikia na hujisomea. Nikamuuliza kama inamsaidia. Akasema, "Wewe nani anashinda kila siku?" Kweli alikuwa akinishinda, ila siku zile sisi vibarua tulijua kwamba haifai kumfunga mgeni kabla hajanywa chai, kwa hiyo ushahidi wake ulikuwa na walakini.

Jambo hilo liliniingia. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikaketi na kalamu, nikajiandikia. Niliandika kwa hati za Kiarabu. Usishangae. Skuli niliiacha mapema, lakini chuoni, kwenye Kurani, nilisoma miaka, na nyumbani kwetu sote tuliandika Kiswahili chetu kwa herufi za chuoni, mama yangu hata akimtumia dada yake salamu Mambrui. Maneno yalikuwa Kiswahili kitupu, mambo machache niliyojua yananiangusha. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Ikafanya kazi! Kila tulipobadilishana upande niliitoa nikaisoma yote, na nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine. Sinia la soda lilipita sikuliona. Kazungu akaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza, na Mwalimu Ouma akasema sasa naanza kucheza kama mtu mzima. Nilifurahi sana, sikufichi.

Tabu ikawa jasho. Wewe waijua Malindi kabla ya mvua, hata ukikaa tu umelowa. Ile karatasi haikumaliza juma. Wino ulitapakaa, mikunjo ikachanika, ikawa kila baada ya siku chache naandika nyingine. Nikachoka. Ile ya mwisho nikaipeleka kwa fundi wa viatu aliyekuwa akikaa karibu na soko, mzee mmoja akiitwa Fundi Shee, nikamwambia, "Nishonee hii katika ngozi, isilowe, niweze kuifunga mkononi."

Fundi Shee akaipokea kwa mkono wa kulia. Aliziona zile herufi pembeni mwa karatasi, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akasema Bismillahi, akaishona kwa uzi wa nta, mishono midogo midogo iliyobanana. Akatia na ukanda. Hakuniuliza ni nini na mimi sikumweleza, maana niliona ni kazi ya ngozi tu na yeye ni fundi wa ngozi. Aliponikabidhi akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiingie nayo chooni."

Nilicheka njia nzima. Nikamsimulia Rehema naye akacheka. Lakini kesho yake hotelini, nilipotaka kuingia chooni, nilijikuta nimeifungua mkononi na kuitundika kwenye msumari wa nje. Nikasimama pale naitazama, najiuliza kwa nini nimeitundika. Siku iliyofuata niliitundika tena, na safari hiyo hata sikujiuliza.

Sasa ngozi iliyoshonwa huwezi kuifungua kila mnapobadilishana upande. Kwa hiyo nikawa siisomi. Nikawa naibonyeza tu. Nikienda kuanzisha mpira, naibonyeza kwa kidole gumba, natulia, napiga. Nikikosa, naibonyeza. Na nilitulia kweli, mwanangu, tena kuliko nilipokuwa nikisoma. Nilijiambia kwamba maneno nimeshayahifadhi, na kwamba kubonyeza ni njia ya mkato ya kuyakumbuka. Nilijiambia hivyo, na sikuwahi kujijaribu kama nayakumbuka kweli.

Masika yalipokaribia, Mwalimu Ouma akatuita mimi na Kazungu. Alituambia kwamba hoteli itafungwa nusu wakati wa mvua kama kawaida, vibarua watarudishwa makwao, lakini meneja amekubali mmoja wetu abakie na kuandikwa kazi ya kudumu, awe msaidizi wake wa kufundisha. Akasema ametupima na hawezi kuchagua, kwa hiyo tutacheza, na atakayetangulia kushinda seti mbili ndiye. Kazungu akanitazama na mimi nikamtazama. Siku ile kila mtu alikula kwenye sahani yake.

Elewa jambo hilo lilivyokuwa zito kwangu. Rehema angejifungua katikati ya masika. Mtu aliyeandikwa kazi ana mahali pa kuamkia, mvua inyeshe isinyeshe, na kibarua aliyerudishwa anazunguka mji mzima akiuliza kama kuna zege la kubeba. Nilikuwa nimekwisha kumwambia baba mkwe kwamba kazi ni yangu. Nilimwambia hivyo kwa sababu ya ile ngozi mkononi, sikuwa na sababu nyingine.

Siku ya mchezo, alasiri, jua limepungua ukali, tuliruhusiwa kuleta watu wetu. Wangu walikuja kwa miguu kutoka Barani, Rehema naye kajitanda leso akitembea taratibu na tumbo lake. Wa Kazungu walishuka kwenye lori la mihogo, wajomba na binamu, na shangazi yake mmoja aliyeitwa Bi Mariamu. Huyu alikuwa mama wa makamo, ameolewa kijiji cha Ganda na mume Mwislamu, na alijifunza kusoma chuoni akiwa mtu mzima, ameketi mkekani na watoto wake mwenyewe. Habari hizo nilizijua baadaye. Siku ile nilimwona tu ni mama wa upande wa wapinzani, nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri.

Tukacheza. Seti ya kwanza nilimfunga Kazungu. Ukiniuliza nilimfungaje sitakwambia, kwa sababu sijui. Najua nilibonyeza ngozi, nikapiga, nikabonyeza, nikapiga, na watu wa Barani wakawa wanashangilia. Seti ya pili ilipoanza nilishaanza kuwaza nitakavyomweleza baba mkwe.

Ndipo Kazungu akasimama. Alikuwa apokee mpira, akainua mkono, akaja mpaka kwenye wavu na raketi kaishika chini. Uso wake ulikuwa na huzuni, si hasira.

"Mwalimu," akasema, "mimi mchezo nautaka, lakini si mchezo huu. Mwenzangu ana kitu mkononi. Kila akitaka kupiga anakigusa."

Watu wa Vitengeni wakapokea hapo hapo. Mjomba wake mmoja akapiga kelele kwamba ni hirizi, hata mtoto mdogo aiona ni hirizi. Watu wa Barani wakajibu kwamba hao wameona wanashindwa sasa wanatafuta pa kushika. Maneno yakapanda. Mwalimu Ouma akashuka kwenye kiti chake cha uamuzi, akaja akanishika mkono, akaitazama ile ngozi.

"Hii ni nini?" akaniuliza. "Hapa ni tenisi. Mambo ya waganga yaachwe huko nje."

"Si hirizi, Mwalimu. Ni karatasi ya kujikumbusha. Kama ya yule Mjerumani."

"Ya Mjerumani ilikuwa kwa mfuko. Hii yako imeshonwa. Unasoma aje kitu kimeshonwa?"

Nikasema, "Wallahi si hirizi." Nikarudia kuapa. Akaniambia basi tuikate, tuone, tumalize maneno. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa, mwanangu, nikachanganyikiwa kama sijawahi. Kwa sababu nilisema hapana.

Nilisema hapana kwa sauti kubwa, nikauficha mkono nyuma. Hata wa kwetu wakaacha kunitetea. Rehema alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Na mimi nilijisikia nikisema hapana, nikajiuliza, kwani naogopa nini? Kama ni karatasi tu, ikikatwa kuna nini? Naweza kuandika nyingine. Lakini kitu ndani yangu kilikuwa kinasema ngozi hii ikifunguliwa nguvu itatoka na kazi itapotea. Mimi, niliyecheka njia nzima kutoka kwa Fundi Shee!

Mwishowe niliutoa mkono, nadhani kwa sababu ya macho ya Rehema. Wakaleta kisu cha jikoni, Mwalimu Ouma akaikata mishono mmoja mmoja. Karatasi ikatoka imegandana, ina rangi ya chai. Akaikunjua, akaona herufi za Kiarabu, akanitazama kwa masikitiko. Watu wa Vitengeni wakaguna kwa pamoja. Kwao hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine.

"Mimi hii siwezi kuisoma," akasema Mwalimu Ouma. "Nani anaweza?"

Watu wetu kadhaa wakajitolea, lakini upande wa pili ukakataa, ukisema tutasomeana tunavyotaka. Ndipo Bi Mariamu akainuka.

"Hebu nileteeni mimi," akasema. "Mimi ni shangazi wa Kazungu, sina sababu ya kumfichia huyu."

Akaishika karatasi mbali na uso, kama wanavyofanya watu ambao macho yameanza kuchoka, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi.

"Tazama mpira. Watu... watu utawaona baadaye." Akameza mate, akaendelea. "Ukikosa, umekosa. Geuka, tazama uzio, vuta pumzi, rudi. Usikaze mkono." Hapo akasimama kidogo. "Huyu mzee... Mjerumani hakimbilii mpira mfupi. Mpe mfupi." Mtu mmoja akacheka. Bi Mariamu akaisogeza karatasi, akageuza kichwa. "Hapa pamefutika. Na hapa chini yasema, ukitoka kazini nunua mafuta ya taa."

Kicheko kilichotoka hapo, mwanangu, kilisikika mpaka jikoni, kwa maana wapishi walitoka nje. Vitengeni walicheka, Barani walicheka, Mwalimu Ouma alifunika mdomo. Na Rehema, mke wangu mwenyewe, akapaza sauti kutoka alipokaa, "Na hukununua! Siku ile tulilala giza!"

Basi nikawa nimesafishika. Kazungu alikuja akaniomba radhi mbele ya watu wote, na mjomba wake naye akanyoosha mkono. Mwalimu Ouma akatangaza kwamba kilichoonekana ni ukumbusho wa mchezo na mafuta ya taa, na kwamba tutaendelea tulipoachia. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mimi. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyeamshwa ghafla akakuta yuko chumba cha watu.

Kwa sababu sikuyajua yale maneno. Wanielewa? Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu, na Bi Mariamu alipokuwa akiyasoma niliyasikia kama ya mtu mwingine. Nilidhani nimeyahifadhi. La pumzi nilikuwa nimelisahau. La uzio nilikuwa nimelisahau. Mzee wa Kijerumani alikwisha kurudi kwao zamani, na mimi nilikuwa bado nimembeba mkononi, pamoja na mafuta ya taa ambayo tulishanunua na kuyamaliza na kununua mengine. Hicho ndicho nilichokuwa nikikibonyeza kila nilipotaka nguvu.

Bi Mariamu alinirudishia karatasi mwenyewe. Alikuja mpaka nilipo, akasimama karibu ili wengine wasisikie, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii uliisoma lini mara ya mwisho?"

Nikainama. Nilitaka kusema jana, au juzi, na ulimi ukakataa.

"Basi Kazungu hakukuonea sana," akasema. "Umeapa mbele ya watu kwamba si hirizi, na ndani yake kweli hakuna hirizi. Lakini wewe uliivaa vipi? Mimi nimesoma na uzee wangu huu, nimechekwa na watoto niliowazaa, kwa sababu niliona aibu kubusu kitabu nisichojua kilichomo. Wewe umeandika mwenyewe, kisha umejifungia nje." Akanipiga kidogo begani, akarudi kukaa na watu wake.

Tukaendelea kucheza. Seti ya pili sikuwa mchezaji, nilikuwa kivuli. Mkono ulikwenda kuitafuta ngozi, haipo, nikabonyeza nyama yangu mwenyewe. Kila nilipotaka kupiga nilisikia swali la yule mama. Kazungu aliichukua seti ile upesi, na watu wa Barani waliacha kushangilia.

Kabla ya seti ya tatu nilikaa kwenye benchi na ile karatasi iliyochakaa. Nilimwomba Mwalimu Ouma penseli aliyokuwa akiandikia hesabu ya mchezo, akanipa. Nikaigeuza karatasi upande wa nyuma. Nikamtazama Kazungu, nikamtazama hasa, yule aliyekuwa mbele yangu siku ile. Nikaona anasimama nyuma sana ya mstari kwa sababu anaogopa mpira wangu wa nguvu. Nikaandika hilo. Nikaandika pia kwamba mimi nina hofu ya kazi, na kwamba hofu hiyo ikae benchini inisubiri. Na kila tulipobadilishana upande niliisoma ile karatasi, nayo ilikuwa inanichanika vidoleni, niliisoma neno kwa neno midomo ikinicheza kama yule mzee.

Nilicheza, mwanangu. Lo, nilicheza! Tulikwenda sawa, mimi namtoa mbele, yeye ananirudisha nyuma, watu hawajui wakae au wasimame. Na mwisho wake nilishindwa. Mpira wa mwisho niliuona vizuri sana. Nilitaka kumpa mfupi, nikaupiga laini, ukagusa utepe wa wavu, ukasita pale juu, ukaangukia upande wangu. Kazungu hakurukaruka. Alikuja kwenye wavu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na sote wawili tulikuwa tunalia, kila mtu kwa lake.

Kazi akapewa yeye. Mvua ziliponyesha nilibeba zege pale lilipopatikana, na siku nyingi halikupatikana. Mtoto wetu alizaliwa nyumbani kwa baba mkwe, ambaye hakunisema, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno. Sitakudanganya kwamba nilikuwa radhi. Usiku nililala nikijiuliza, lau ningekataa ngozi ile isikatwe, lau ningeendelea kuibonyeza, si ningeshinda? Huenda ningeshinda. Nilikuwa mbele kwa seti. Hadi leo, na meno haya yaliyobaki, hilo sijui, na mtu akikwambia anajua mwambie aje tuzungumze.

Ninachokijua ni kimoja. Seti niliyoshinda siikumbuki hata mpira mmoja. Ile ya tatu niliyoshindwa naweza kukusimulia yote, tangu mpira wa kwanza mpaka ule uliosita juu ya wavu, na wakati mwingine nikiwa peke yangu najisimulia. Ile ya kwanza sijui aliicheza nani.

Ndiyo maana nakwambia haya, mwanangu. Najiandikia mpaka leo na nakuhimiza nawe ujiandikie. Kichwa cha binadamu kikipata hofu hukimbia na kila kitu, basi weka maneno yako mahali ambapo hofu haifiki. Andika machache, yaandike kwa herufi zinazokujia kwa wepesi, acheke atakayekucheka. Lakini uyasome. Usiyapambe, usiyafunge, usiyashonee ngozi ukadhani yatafanya kazi yakiwa gizani. Kila mpinzani mwandikie lake na kila mtihani uuandikie wake, kwa sababu maneno ya mwaka jana yalimhusu mtu aliyekwisha kuondoka. Na siku utakapojikuta unaligusa jambo badala ya kulisoma, liwe karatasi, liwe cheti ukutani, liwe sala yenyewe unayoisali, kaa chini ulifungue mwenyewe kwa mkono wako kabla hujafunguliwa mbele ya watu.

Nami nakuombea. Mungu akutulize moyo pale utakapohitaji kutulia. Akupe kazi, na akikunyima akupe sababu ya kuamka asubuhi. Akujaalie macho ya kumwona aliye mbele yako jinsi alivyo leo. Na siku utakapoapa kwa sauti kubwa juu ya jambo usilolijua, akuletee mtu wa kukusogelea na kukuuliza polepole, wengine wasisikie. Amin.